"Where you are going?" Tuongee mpangilio wa maneno kwenye maswali ya kingereza

Mwl Nkasi

Wakuu habari za jioni. Nimefungua huu uzi kwa ajili ya kitu kimoja tu, MASWALI. Sio matamshi, sio msamiati, ni jinsi ya kupanga maneno ukiwa unauliza. Mtu kamaliza kidato cha nne, maneno ya kingereza anayo ya kutosha, anaweza akakusimulia mechi ya jana mwanzo mpaka mwisho na ukaelewa kila kitu, ila ikifika zamu yake ya kuuliza hapo ndipo mambo yanaharibika. "Where you are going?" "Why you didn't come?" "What it means?" "You have arrived when?" Nafundisha kingereza sekondari ya kata, haya nayasikia kila siku ya Mungu, na roho inaniuma kwa sababu kosa lenyewe ni moja tu linajirudia kwa sura tofauti tofauti, mtu akilielewa hilo moja mengine yote yanaondoka nalo.

Tuanzie nyumbani, kwenye kiswahili. Juma anakula ugali. Ukitaka kujua anakula nini unatoa ugali unaweka nini palepale ugali ulipokuwa, basi: Juma anakula nini? Anaenda Singida, anaenda wapi? Amefika jana, amefika lini? Hakuna kinachohama. Na swali la ndiyo au hapana ndio rahisi kabisa, sentensi ni ileile unapandisha sauti tu, Juma anakula ugali? ukitaka unatanguliza Je, kitenzi hakiguswi kabisa. Sasa mtoto aliyeuliza hivi tangu anajifunza kuongea akikwambia "You are going where?" kwa akili yake hiyo sentensi imekamilika, na kwa sarufi ya kiswahili kweli imekamilika. Huyo sio mjinga, anauliza kiswahili kwa maneno ya kingereza.

Kingereza kinataka vitu viwili vihame. Cha kwanza neno la kuuliza liende mbele kabisa. Hili wengi tumelishika, ukimsikia mtu anasema "Where you are going?" ujue hilo la kwanza kashafanya, where ameshaipeleka mbele. Cha pili ndicho kinachosahaulika, kile kitenzi kisaidizi (am, is, are, was, were, have, has, had, will, can, should na wenzake) kinatakiwa kiruke kikae mbele ya mtendaji. You are inakuwa are you. Kwa hiyo "Where ARE YOU going?" Mtu kahamisha kimoja kaacha kimoja, ndio ugonjwa wote huo.

Darasani kwangu sianzi na where wala why. Naanza na swali la ndiyo au hapana, likishasimama ndio nabandika neno la kuuliza mbele yake. Mfano "She has hidden the key." Rusha kisaidizi: "Has she hidden the key?" Umeshapata swali zima. Sasa unataka kujua wapi, unabandika where: "Where has she hidden the key?" Hujagusa kingine chochote. "The bus will leave at six." "Will the bus leave at six?" Haya, saa ngapi? Toa at six, weka what time mbele: "What time will the bus leave?" Ukipita njia hii huwezi kusema "What time the bus will leave?" kwa sababu kabla hujafika kwenye what time ulishamrusha will. Mwanafunzi anayekimbilia neno la kuuliza kwanza ndiye anayesahau kurusha, maana akishatamka where anaona kama ameshauliza.

Kuna mtu atasema sawa, na sentensi ambayo haina kisaidizi? "They sell charcoal here." Hapo cha kurusha hakipo, sell ni kitenzi kikuu na kitenzi kikuu siku hizi hakiruki, kwa hiyo inaletwa do ifanye hiyo kazi. "Do they sell charcoal here?" kisha "What do they sell here?" Na hapa naomba msikilize vizuri: do ikiingia inabeba na wakati. Kama ni she inakuwa does, kama ni jana inakuwa did, na kitenzi kikuu kinarudi kwenye umbo lake la kuzaliwa. "She sells" ile s inahamia kwenye does: "Does she sell?" Ukisema "Does she sells?" umeweka s mbili. "You went" ule wakati uliopita unahamia kwenye did: "Did you go?" Ukisema "Did you went?" jana umeitaja mara mbili. Kila swali lina s moja, lina jana moja.

Nimesema siku hizi kwa makusudi. Zamani kitenzi kikuu kilikuwa kinaruka chenyewe bila msaada. Wale mliokulia kanisani fungueni Biblia ya King James ya mwaka 1611, mtakuta "Whom seek ye?" na "Why weepest thou?" Hakuna do hapo, seek na weep zimeruka zenyewe mbele ya mtendaji. Do ilikuwa inaingia taratibu kwenye maswali hata karne hiyo hiyo, mwisho ikachukua kazi yote, leo ni be, have na kina can na will tu ndio wanaoruka wenyewe. Kwa hiyo ukiona hii do inakusumbua usijione wa kwanza, waingereza wenyewe waliishi miaka mingi wakiuliza bila yake.

La mwisho kwa leo, maana uzi umeshakuwa mrefu. Ukiwa unauliza, kisaidizi kinaruka kwenye swali lenyewe TU. Swali likishaingia ndani ya sentensi nyingine halirushi tena, linarudi kwenye mpangilio wa maelezo. "Where is the bank?" sawa. Ila ukitaka adabu kidogo ukasema can you tell me, inakuwa "Can you tell me where the bank is?" Kurusha kumeshafanyika pale kwenye can you, hakurudiwi. "I don't know what her name is" sio "what is her name." Hili linawakamata hata wale wanaoongea vizuri sana, nawasikia kwenye redio.

Karibuni kwa maswali na hata kwa kupinga.

kijana_wa_Nzega

Nipo siti ya mbele kabisa mkuu. Mi nina swali, umesema kama hakuna kisaidizi tunaleta do. Sasa kwa nini watu wanasema "Who told you?" na sio "Who did tell you?" au zote sawa?

Mwl Nkasi

Swali zuri sana hili. Kisaidizi kinaruka mbele ya MTENDAJI si ndio? Sasa kwenye "Who told you?" mtendaji ni nani? Ni huyo who mwenyewe. Ndiye aliyesema, humjui, unamuulizia. Ameshakaa mbele tayari, hakuna mtu wa kumruka. Kwa hiyo sentensi inabaki ilivyo, "Juma told you", toa Juma weka who, imeisha. Yaani hapa kingereza kinafanya kama kiswahili kabisa, Nani alikwambia?

Linganisha hizi mbili. "Who saw you?" nani alikuona, who ndiye mtendaji, do haiingii. "Who did you see?" ulimwona nani, mtendaji ni you, who ni mtendwa, hapo did inaingia. Na sio who peke yake. "What happened?" "Which bus goes to Kigoma?" "How many people came?" zote hazina do kwa sababu kile unachokiuliza ndicho kinachotenda. Ukisikia mtu anasema "What did happen?" huyo amejifunza sheria ya do vizuri ila anaitumia hata pasipo na kazi. Did ya namna hiyo ipo kwenye kusisitiza, mfano mmekataa kila kitu nauliza basi what DID happen, ila kwa swali la kawaida hapana.

Chuma cha Reli

Mkuu heshima yako, ila mi sikubaliani na hii presha. Kingereza sio akili. Mchina anakuja hapa anajenga barabara hajui hata good morning, Mrusi hivyo hivyo. Sisi tukikosea where you are going tunaitana washamba wakati ujumbe umefika. Mtu akiniuliza you are going where si nimemuelewa? sasa tatizo liko wapi

Mwl Nkasi

Mkuu hapo mwanzo nakuunga mkono kabisa, na hakuna mahali nimemuita mtu mshamba, sitamuita. Mwanafunzi wangu akichekwa na wenzake kwa kukosea nasimamisha kipindi.

Ila kwenye kufika kwa ujumbe naomba nikuonyeshe kitu. "You are going where?" ipo kwenye kingereza, wenyewe wanaitumia, lakini ina kazi yake maalum, ni swali la kushangaa au la kutaka urudie ulichosema. Rafiki yako anakwambia nahamia kisiwani kuishi peke yangu, unamwambia "You're going WHERE?" Maana yake eti nini? umesema wapi? Sasa wewe unamuuliza mgeni kwa upole kabisa "You are from where?" yeye anasikia mshangao, kama vile amekutajia nchi ukashindwa kuamini. Ujumbe umefika ila sio ule uliotuma. Na wanetu wanasoma msingi kwa kiswahili halafu sekondari masomo karibu yote yanageuka kingereza, mitihani kingereza, wakishindwa kuuliza darasani wanakaa kimya. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi, mtoto ana swali la baiolojia kichwani ila haliulizi kwa sababu hajui aanze na neno gani.

Chuma cha Reli

Hilo la mwisho nakubali. Kimya cha darasani nakijua.

Ukuni Mbichi

Walimu wengine ndio walituambukiza bwana. Sekondari unafundishwa "The heart is a what? The heart is an organ. It pumps what? It pumps blood. To where?" Miaka minne unasikia hivyo unategemea nitauliza vipi mimi

Mwl Nkasi

Kweli kabisa, na tunafanya hivyo sana. Ile ni njia ya kumfanya darasa zima limalizie sentensi, kwa kiswahili inapendeza, Moyo unasukuma nini? unasukuma damu. Ukiihamishia kwenye kingereza neno kwa neno ndio inatoka "It pumps what?" Mwalimu anaona anasomesha moyo, mtoto anasoma na moyo na mpangilio wa swali. Ningewaomba walimu wenzangu wa sayansi na jiografia, kama unataka darasa limalizie acha tu pengo, "The heart pumps..." nyamaza, wao watasema blood. Na ukitaka kuuliza uliza swali zima, "What does the heart pump?" Mnasaidia sana sisi wa lugha mkifanya hivyo.

gaidi wa Karatu

Uzi mtamu huu. Mimi ni gaidi, natembeza wageni Ngorongoro na Serengeti, na sisi kazi yetu ni kuuliza kutwa, kuanzia wanaposhuka uwanja wa KIA mpaka unawarudisha. Vijana wapya wanaoingia kwenye hii kazi majina ya ndege wanayo yote, tabia za chui wanazijua, ila asubuhi mezani unamsikia "What time you want breakfast?" "You slept how?" "You want to see which animal?" Mwalimu hebu tunyooshee hizi za kila siku, nitawatumia kwenye grupu letu.

Na ongezea hii: "How do you call this animal in your language?" hii tunaitumia wote na sijawahi kusikia mgeni analalamika.

Mwl Nkasi

Mgeni halalamiki kwa sababu yuko likizo na anakupenda, ila nitakunyooshea zote.

"What time would you like breakfast?" Would imeruka mbele ya you, na would like ni laini zaidi ya want kwa mtu unayemhudumia. Ukisema "What time do you want breakfast?" sarufi iko sawa ila kwa mteja ina ukavu fulani. Ya usingizi ni "How did you sleep?" au "Did you sleep well?" Ya wanyama: "Which animal would you like to see?" na hapa angalia which animal inahama yote kwa pamoja kwenda mbele, huwezi kuacha animal nyuma ukasema "Which do you want to see animal?" Ni hivyo hivyo kwa how many na how much. "How many days are you staying?" "How much luggage do you have?" How many bila days haijui inahesabu nini.

Ya how do you call imetoka moja kwa moja kwenye kiswahili chetu, huyu mnamwitaje, ile -je ndio inatupeleka kwenye how. Kingereza kinauliza jina kwa what: "What do you call this animal?" au "What is this animal called?"

Nyingine itakayokusaidia kazini. Vile vihusishi vidogo kama from, for, with, at vinabaki nyuma mwisho wa swali. "Where are you from?" "Who are you travelling with?" "What are you looking at?" Mgeni amesimama na darubini anatazama kitu, wewe hujaona, "What are you looking at?" Ukiitoa at umeharibu. Watu wanaogopa kumaliza sentensi na kineno kidogo kama hicho, ukweli ni kwamba kwenye mazungumzo ndio mahali pake.

gaidi wa Karatu

Barikiwa sana. Ile ya looking at inatokea kila siku kwenye gari, mgeni kaona kitu kabla yako.

Mzee wa Doha

Niko huku Qatar, kazini kwetu kuna Wahindi, Wafilipino, Wanepali, sisi na Waganda. Wahindi wanasema "Where you are going?" "What you are doing?" kutwa nzima, wapo wenye digrii na mameneja kabisa, na kazi inaenda. Kwa hiyo nilidhani ndio kingereza sahihi kumbe sivyo?

Mwl Nkasi

Mkuu hiyo ni tabia inayojulikana ya kingereza cha India, wanaongea mamilioni kwa mamilioni na wanaelewana, sina sababu ya kuwadharau. Mkiwa wenyewe kwa wenyewe saiti hakuna shida yoyote. Ila kwenye barua ya maombi, kwenye mtihani wa kimataifa wa kupima kingereza kama IELTS, kwenye imeili kwa kampuni ya Ulaya, utapimwa kwa mpangilio ule mwingine. Uwe nayo yote mawili, uchague wewe mwenyewe mahali pa kutumia.

Safari_Bukavu

Bonsoir ndugu zangu. Miye niko Bukavu, huku tulisoma kwa kifaransa. Kifaransa cha mdomo kinaruhusu kabisa "Tu vas où?" yani you go where, ni sawasawa na Kiswahili yetu unaenda wapi. Kile cha vitabu ndio "Où vas-tu?" na hapo kitenzi kinaruka. Halafu kuna "est-ce que" unaweka mbele na sentensi inabakia bila kuguswa. Sasa tukifika kwa kingereza tunatafuta est-ce que yake hatuioni 

Mwl Nkasi

Karibu sana ndugu yetu. Umegusa penyewe, mtu wa Bukavu au Bujumbura lugha zake mbili zote zinamruhusu kuacha neno la kuuliza nyuma, halafu anakutana na ya tatu inayomkatalia. Est-ce que iko karibu sana na Je yetu, ukiiweka mbele kazi imekwisha. Kingereza hakina kitu cha namna hiyo. Wengi wanadhani do ndiyo est-ce que ya kingereza, hapana, do inabadilika na mtendaji na wakati, does, did, na inakimbia kama kuna kisaidizi kingine. "Do you can swim?" haipo. "Can you swim?" basi.

Mjengo Kisauni

Huku Kenya shida yetu ni "isn't it". You are coming tomorrow, isn't it? She went home, isn't it? Ni kwa sababu Kiswahili tunayo moja tu, si ndiyo? inafunga kila sentensi. Wazungu nao kila sentensi na mkia wake. Tulifundishwa shule na tukasahau, tueleze tena.

Mwl Nkasi

Mkia unachukua kisaidizi kilekile cha sentensi, unakigeuza, kama sentensi imekubali mkia unakataa na kinyume chake. "You are coming tomorrow, aren't you?" Kama hakuna kisaidizi do inaingia kama kawaida: "She went home, didn't she?" "He sells phones, doesn't he?" Sentensi ikikataa, "You haven't eaten, have you?" Ukiangalia vizuri mkia ni swali dogo la ndiyo au hapana lenye mruko uleule, didn't she, have you, kisaidizi mbele mtendaji nyuma. Mikorofi ni michache tu. "I am late, aren't I?" na "Let's go, shall we?" hizo unazishika kwa kichwa.

Na tukiwa hapohapo kwenye kukataa, kuna kitu cha kujibu kinatuchanganya kweli kweli. Mtu anakuuliza "Don't you want tea?" wewe hutaki. Kiswahili tunasema ndiyo, yaani ndiyo sitaki, tunakubaliana na alichosema. Kingereza jibu ni "No", kwa sababu no inafuata don't yako mwenyewe, "No, I don't." Ukijibu "Yes" chai inaletwa.

Mama Tausi

Mwalimu mimi siyo msomi sana, mwanangu yuko darasa la tano anasoma shule ya serikali na mimi nataka nimsaidie nyumbani. Nitaanzia wapi, maana hivyo visaidizi hata mimi navisikia leo

Mwl Nkasi

Mama hongera kwa kujali. Usimwambie habari za visaidizi kabisa. Mnapopika au mnapofua mwambie leo wewe ndiye muulizaji. Mpe sentensi moja fupi ya kweli, mfano "You are washing a plate", yeye aigeuze, "Are you washing a plate?" Kisha aongeze what, "What are you washing?" Sentensi moja, mageuzi mawili, mnaendelea na kazi zenu. Shuleni watoto wanafundishwa kujibu, wanajibu yes madam no madam miaka yote, nafasi ya kuuliza wanaipata mara chache sana. Akiuliza sana nyumbani mdomo utazoea are you, is she, do they bila kufikiria, na mdomo ukizoea hizo jozi neno la kuuliza linajibandika lenyewe mbele.

mtahiniwa_mtarajiwa

Mi nipo form four, kwenye mtihani wanapenda zile za rewrite. "As soon as he arrived the rain started. Begin: No sooner..." Hizo nimezikariri ila sielewi kwa nini had inatangulia he, nazo ni maswali?

Mwl Nkasi

Sio maswali dogo, ila mruko ni uleule! Na nimefurahi umeileta. "No sooner had he arrived than the rain started." "Hardly had we sat down when the lights went out." "Never have I seen such a crowd." "Not only did she pass, she came first." Neno la kukataa likitangulia mwanzo wa sentensi kisaidizi kinaruka mbele ya mtendaji, had he, had we, have I, did she. Tazama ile ya mwisho, she passed haina kisaidizi, did imeletwa na pass imerudi kwenye umbo lake, vilevile kama "Did she pass?" Kwa hiyo wewe uliyekariri no sooner had he, tayari unajua kuuliza "Had he arrived?" Acha kuzikariri kama vitu viwili, ni mashine moja. Ila usisahau no sooner inakwenda na than, hardly inakwenda na when, wasahihishaji wanaangalia hapo.

mtahiniwa_mtarajiwa

Daaah hii hakuna aliyewahi kuniambia. Asante ticha

Binti Chumbageni

Mimi naangalia sana muvi za Marekani na mle wanasema "Where you at?" "What you doing?" "You hungry?" Hao nao wanakosea? maana ndio wenye lugha

Mwl Nkasi

Hawakosei, wanaongea kingereza chao cha mtaani. Lakini sikiliza kwa makini wanachofanya. "What you doing?" are imedondoka, haikuhamia sehemu nyingine. Ni nadra kumsikia mmoja wao akisema "What you are doing?" Sisi are tunaitamka halafu tunaiweka upande usio wake. Na "You hungry?" au "You coming?" ni swali la mtu anayehisi jibu tayari, anaangalia uso wako anaona njaa, anathibitisha tu. Kwa rafiki ni sawa, kwenye karatasi ya mtihani andika "Are you hungry?"

Ngoja nikupe na nyingine ya kwenye muvi, "How come you didn't tell me?" Hiyo haina mruko kabisa, how come inafuatwa na maelezo ya kawaida, you didn't. Ina ladha ya mbona yetu, mbona hukuniambia. Lakini why inataka mruko: "Why didn't you tell me?" Na angalia n't inaruka pamoja na did kwa sababu imeshikana nayo. Ukiitenganisha, not inabaki nyuma ya mtendaji, "Why did you not tell me?" Hakuna "Why did not you tell me", hiyo ilishapitwa na wakati.

kijana_wa_Nzega

Nimerudi mkuu, nimesoma yote kuanzia juu. Nimetunga tatu za stendi, nisahihishie.
"How long have you been waiting?"
"Which bus goes to Tabora?"
"Do you know what time does it leave?"

Mwl Nkasi

Ya kwanza safi, how long imehama yote na have imeruka mbele ya you. Ya pili safi, which bus ndiye mtendaji na do hujaileta, umenielewa vizuri. Ya tatu umerusha mara mbili, do you know imeshauliza, kwa hiyo does inaondoka na ile s yake inarudi kwa leave: "Do you know what time it leaves?"

kijana_wa_Nzega

"Do you know what time it leaves?" Sawa. Na nikitaka kujua kama limeshaondoka? "Do you know has it left?"

Mwl Nkasi

Hapo hakuna neno la kuuliza la kuunganisha, kwa hiyo unatumia if, ni sawa na lile neno "kama" la kiswahili, unajua kama limeondoka. Has inarudi nyuma ya it. "Do you know if it has left?"